Likizo imefika: dakika tano za kukagua baiskeli ya mtoto

Shule zikifungwa mwezi Juni, mitaa ya Mbeya na Iringa huchangamka. Mvua imekatika, njia zimekauka, na watoto wako nje tangu jua linapoanza kupasha. Jirani na duka la mtaa utamkuta kijana amepanga baiskeli za kukodisha. Mtoto anatoa Sh200 au Sh500, anapewa dakika zake, anazunguka, anarudisha, na mwenzake aliyekuwa akisubiri anaipokea palepale.

Mimi ni mtoto wa Mbeya. Nilijifunza kwenye baiskeli kubwa ya mtalimbo, nikipitisha mguu chini ya chuma, mwili umepinda upande mmoja, kama walivyojifunza watoto wengi wa huku kwetu. Sasa naandika habari za afya, na kazi hii imenifikisha mara nyingi kwenye wodi za watoto. Nikiona kundi la watoto na baiskeli, naikumbuka ile raha, na papo hapo naukumbuka mguu uliofungwa P.O.P.

Sitaki kumwambia mzazi aifungie baiskeli stoo. Baiskeli inajenga moyo, mapafu na misuli. Inamfikisha shule mtoto anayekaa mbali. Umoja wa Mataifa uliipa siku yake mwaka 2018, na huadhimishwa kila Juni 3. Ninachotaka kusema ni kimoja: majeraha ya baiskeli kwa watoto wetu si bahati mbaya tu. Yanajulikana yanatokea wapi na kwa namna gani, na mengi yanazuiwa na mtu mzima aliyetenga dakika tano kabla mtoto hajapanda.

Miji ya miteremko

Mtoto wa mji wa tambarare anaweza kusimamisha baiskeli kwa kuacha kukanyaga tu. Wa kwetu hawezi. Mbeya imekaa chini ya Mlima Loleza, na ukitoka Uhindini kwenda Mafiati unashuka. Iringa mjini iko juu ya kilima, na barabara ya kwenda Ipogolo inateremka hadi Mto Ruaha Mdogo. Huko chini, katika miji yote miwili, kuna barabara kuu iendayo Zambia, yenye malori ya mafuta, mabasi ya mikoani, bajaji na bodaboda.

Mwendo ukiongezeka mara mbili, umbali ambao breki zinahitaji ili kuisimamisha baiskeli huongezeka mara nne. Mtoto hana hesabu hiyo kichwani. Anaanza juu ya kilima polepole, anafurahia upepo, na anapofika katikati ya mteremko baiskeli inakwenda kuliko uwezo wake wa kuizuia.

Na mara nyingi breki yenyewe haipo. Simama pale baiskeli zinapokodishwa na uangalie. Nyingine raba zimeisha hadi chuma kinagusa rimu. Nyingine waya umekatika na mkono wa breki umebaki pambo. Mtoto anafanya nini? Anatoa mguu kwenye pedeli na kukandamiza tairi kwa ndala. Wengi wetu tulifanya hivyo, na kwenye uwanja tambarare inafanya kazi. Kwenye mteremko ndala inateleza, mguu unaingia kwenye spoku, na baiskeli inampindua.

Ndiyo maana naanza na breki kabla ya jambo jingine lolote. Inua gurudumu la nyuma, lizungushe kwa mkono, kisha bana breki. Likisimama mara moja, vizuri. Likiendelea kuzunguka, baiskeli hiyo haiendi popote hadi ifike kwa fundi. Fanya hivyo na gurudumu la mbele. Raba za breki ni kati ya vipuri vya bei ndogo kabisa kwenye baiskeli.

Kisha mwambie mtoto abane breki mwenyewe. Vidole vyake vinafika? Ana nguvu ya kuibana hadi mwisho? Breki iliyotengenezwa kwa mkono wa mtu mzima haimsaidii mtoto wa miaka saba.

Kisigino cha mdogo wangu

Mdogo wangu wa kiume alikuwa na miaka mitano. Baba yetu mdogo alimpakia kwenye keria wakitoka shambani, kama ilivyokuwa kawaida. Mtoto amevaa ndala, miguu inaning'inia. Walipofika kwenye bonde alisinzia kidogo, mguu ukaingia ndani, na spoku zikakishika kisigino. Baiskeli ilikwama ghafla, wote wawili wakaanguka.

Jeraha lilionekana dogo. Ngozi ilikuwa imechubuka, damu si nyingi. Kwenye kituo cha afya cha karibu tuliambiwa ni mchubuko, wakamsafisha, wakampa dawa ya maumivu, tukarudi nyumbani. Siku ya nne mama alipofungua bandeji, ngozi ya kisigino ilikuwa nyeusi. Baada ya hapo ilikuwa rufaa, kukatwa ngozi iliyokufa, kisha kupandikizwa nyingine iliyotolewa pajani. Alikaa miezi miwili bila kukanyaga chini. Leo ni kijana mkubwa, anatembea vizuri, lakini kila msimu wa baridi kovu lile linapasuka, na kiatu kipya kwake ni adhabu.

Nilipoanza kuandika habari za afya ndipo nilipoelewa kilichotokea. Spoku zinazozunguka hazikati tu, zinasaga. Ngozi ya kisigino ina nyama kidogo chini yake, na mishipa midogo inayoilisha damu ikishasagwa, ngozi hufa taratibu kwa siku kadhaa. Ndiyo maana jeraha linalofanana na mchubuko Jumatatu linaweza kuwa shimo ifikapo Ijumaa. Linaweza pia kuufikia mshipa mnene unaounganisha misuli ya mguu na kisigino, ule unaotuwezesha kukiinua kisigino. Madaktari duniani kote wanaijua ajali hii, na wanaoumia zaidi ni watoto wadogo wanaopakiwa nyuma.

Kwa hiyo, mtoto akiingia mguu kwenye spoku, usitosheke na kuangalia siku ya kwanza. Mpeleke kituo cha afya, eleza wazi kwamba mguu uliingia kwenye spoku za baiskeli, na omba jeraha liangaliwe tena ndani ya siku mbili au tatu. Ngozi ikianza kubadilika rangi, ikiwa baridi, ikitoa harufu au mtoto akipata homa, rudi siku hiyohiyo.

Kinga yake mafundi wetu wanaiweza. Baba mdogo hakumpakia mtoto mwingine hadi alipokwenda kwa fundi akachomelewa vyuma viwili vya kukanyagia pembeni mwa gurudumu la nyuma. Kisha akakata ubavu wa ndoo ya plastiki iliyopasuka, akautoboa matundu na kuufunga kwa waya ili uzifunike spoku. Haukuwa mzuri kuutazama. Baiskeli ile ilibeba watoto wa ukoo mzima kwa miaka mingi na hakuna kisigino kingine kilichoguswa. Ongeza kiatu cha kufunika mguu badala ya ndala, na mtoto aliyechoka au anayesinzia ashuke, atembee.

Huu ni msimu wa baridi, nao una hatari yake. Asubuhi mtoto anatoka na sweta, jua likichomoza analivua na kulifunga kiunoni. Mikono ya sweta inaning'inia karibu na cheni na spoku. Skafu, khanga na sketi ndefu ni vivyo hivyo. Sweta livaliwe au libaki nyumbani, na nguo ndefu ifungwe juu ya goti.

Tumbo na kichwa

Mtoto akianguka, macho yetu hukimbilia magotini kwa sababu ndiko damu iliko. Kuna majeraha mawili ambayo hayatoi damu nje.

La kwanza ni la tumbo. Baiskeli inapoyumba mwendo ukiwa mdogo, gurudumu la mbele hugeuka, na ncha ya usukani humchoma mtoto tumboni kwa nguvu yote ya mwili wake. Ngozi inaweza kubaki na alama ndogo ya duara, au isiwe na alama kabisa. Ndani, ini, bandama, kongosho au utumbo vinaweza kuwa vimeumia, na dalili zikachelewa kwa saa kadhaa au hata siku. Mtoto aliyegongwa tumboni na usukani, kisha akalalamika tumbo linazidi kuuma, akatapika, akapauka, akakataa chakula au tumbo likawa gumu, ni wa hospitali na si wa kusubiri kesho. Angalia pia mipira ya kushikia kwenye usukani. Ikichakaa na chuma kikatokeza, nunua mingine.

La pili ni la kichwa. Kofia ngumu bado ni jambo geni kwa mtoto wa baiskeli huku kwetu. Nyingi nilizoziona ni za mitumba. Lakini ushahidi wake ni mzito. Watafiti wawili wa Australia, Jake Olivier na Prudence Creighton, walikusanya tafiti 40 zilizohusu waendesha baiskeli majeruhi zaidi ya 64,000. Waliokuwa wamevaa kofia, uwezekano wao wa kuumia vibaya kichwani ulikuwa chini kwa asilimia 69 kuliko wasiovaa.

Ukiipata, ikague. Isiwe na ufa. Ikae sawa juu ya kichwa, vidole viwili juu ya nyusi, isirudi kisogoni kama kofia ya sherehe. Mkanda upite chini ya kidevu na uache nafasi ya kidole kimoja au viwili. Kofia iliyokwisha kupigwa kwa nguvu kwenye ajali haifai tena, hata kama kwa macho inaonekana nzima. Ile ya bodaboda usimvalishe mtoto: ni kubwa, ni nzito, na ikishuka humziba macho.

Huna uwezo wa kuinunua mwezi huu? Basi breki nzima na sehemu tambarare ndiyo kinga yako ya kwanza. Usisubiri kofia ndipo uanze.

Dada yangu na baiskeli ya binti yake

Dada yangu anaishi Kihesa, Iringa. Binti yake wa miaka tisa anataka baiskeli. Shemeji anasema mtoto wa kike ana haraka gani ya baiskeli, na dada mwenyewe akikumbuka kisigino cha mdogo wetu anakosa la kusema. Mtoto akaona njia ni kunipigia simu mimi: "Mama mdogo, mwambie mama anikubalie."

Nilimwambia dada kwamba akimnyima, mtoto ataendesha tu. Ataendesha ya kukodi, ambayo hakuna aliyeikagua, mahali ambapo hakuna anayemwona. Na kwa shemeji nilisema kwa heshima zote kwamba spoku haziulizi mtoto wa nani wala wa jinsia gani. Anayefundishwa ndiye salama.

Tulichokubaliana ni kipimo. Wazazi wengi hununua baiskeli kubwa ili mtoto "aikulie", kama tunavyonunua sare ya shule. Sare kubwa haimuumizi mtu. Baiskeli kubwa humfanya mtoto asifike chini anapotaka kusimama. Akikaa kwenye siti, sehemu ya mbele ya nyayo zote mbili iguse ardhi. Akisimama ameuweka mtalimbo katikati ya miguu, ibaki nafasi kati ya mwili na chuma. Kama hivyo havitimii, teremsha siti au tafuta ndogo zaidi, hata ya mtumba.

Wiki ya kwanza hakukanyaga pedeli. Dada alimpeleka uwanja wa shule, fundi akiwa ameshazitoa pedeli, akawa anajisukuma kwa miguu na kujifunza kubana breki. Wiki ya pili pedeli zikarudishwa. Sasa anajua kusimama, kugeuka na kutazama nyuma bila kuyumba. Barabara ya lami bado, na hilo halina mjadala.

Barabara kuu si ya mtoto

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba ajali za barabarani huua watu milioni 1.19 kwa mwaka duniani, na ndizo zinazoongoza kwa kuua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29. Kwa wakazi wa Mbeya hili halihitaji takwimu. Mteremko wa Mbalizi umetuliza zaidi ya mara moja kwa malori yaliyokosa breki.

Mtoto mdogo huona gari, lakini hukosea kukadiria linakuja kwa kasi gani na litamfikia lini. Uwezo huo hukua taratibu kadiri anavyokomaa. Kumwambia "angalia magari" hakutoshi kwa mtoto wa darasa la pili. Mwekee mpaka unaoonekana: mwisho wako ni kwenye mwembe ule, hupiti nyumba ya mwenyekiti, kivuko cha lami unashuka na kuisukuma.

Mzazi hawezi kulibeba hili peke yake. Dar es Salaam, shirika la Amend lilizifanyia kazi barabara zinazozunguka shule za msingi: matuta, vivuko, njia za waenda kwa miguu, na mafunzo kwa wanafunzi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 ulionyesha majeraha ya barabarani kwa watoto yalipungua kwa asilimia 26. Tuta na rangi ya kivuko ni mambo ya kuyapeleka kwenye mkutano wa serikali ya mtaa. Nenda nalo. Omba pia jambo dogo zaidi: jioni moja kwa wiki ya likizo, uwanja wa shule ufunguliwe kwa watoto wenye baiskeli, na mzazi mmoja awepo.

Anayetumwa mashineni

Kuna mtoto ambaye hachezi. Anatumwa. Vijijini kwetu baiskeli ni punda wa nyumba, na mwenye nafasi ya kuisukuma wakati wa likizo ni mtoto. Anapeleka mahindi mashineni, anachota maji, anabeba kuni.

Fanya hesabu hii. Dumu la lita 20 lina uzito wa kilo 20. Madumu mawili ni kilo 40. Mtoto wa miaka kumi mara nyingi ana kilo 30 hivi. Tunamwomba aushushe mlima mzigo unaomzidi uzito, kwa breki zinazolingana na mkono wake. Mzigo ukisukuma kutoka nyuma, hakuna ushujaa utakaouzuia.

Kama ni lazima aende, punguza mzigo uwe nusu na safari ziwe mbili. Kwenye mteremko ashuke na kuisukuma kwa miguu. Atumwe mchana, asubuhi na jioni za Juni zina ukungu, na dereva hamwoni mtoto mwenye sweta jeusi hadi awe karibu sana. Nguo ya rangi kali na kioo chekundu cha kung'aa nyuma ya keria humfanya aonekane mapema.

Akishaanguka

Kidonda kioshe kwa maji safi yanayotiririka na sabuni. Usipake udongo, unga wa betri wala dawa ya meno. Ukienda kituo cha afya chukua kadi yake ya kliniki, ili ajulikane kama chanjo ya pepopunda imekamilika.

Mkono au mguu ukivimba na mtoto hataki uguswe, usiukande. Uegeshe kwenye kipande cha boksi, ufunge kwa kitenge bila kubana, umpeleke hospitali. Najua wengi wetu hukimbilia kwa fundi wa mifupa. Nimeona wodini mguu uliofungwa vijiti kwa kubana hadi damu ikashindwa kupita. Vidole vikiwa baridi, vikibadilika rangi au kufa ganzi, legeza na uondoke mara moja.

Akigonga kichwa, mwangalie kwa saa 24. Akizimia hata kidogo, akitapika tena na tena, akilala usingizi usio wa kawaida, akichanganyikiwa, akipata degedege au maji au damu yakimtoka puani au masikioni, hiyo ni dharura.

Mwisho, jambo ambalo halina gharama. Mwambie mtoto leo, kabla hajaanguka, kwamba akiumia hatachapwa. Mtoto anayeogopa fimbo huficha tumbo linalouma na kisigino kilichosagwa, na saa zinazopotea kwenye kuficha ndizo daktari anazozihitaji. Ukishamwambia hivyo, toka naye nje, inua gurudumu la nyuma, lizungushe, ubane breki.